Maneno ya Chini ya Picha

Mimi ni mwalimu wa darasa la tatu hapa Dilala, mjini Kolwezi, na ninaogopa kusoma kwa sauti. Cheka ukitaka. Darasani kwangu watoto ndio wanaosoma, mmoja baada ya mwingine, na mkaguzi alipokuja alinisifu kwamba ninajua kuwashirikisha. Sikumwambia ukweli. Nikisoma mwenyewe mbele ya watu, sentensi ya tatu haijaisha viganja vimelowa jasho, na nahisi kuna mtu nyuma yangu anayetaka kuniuliza kama kweli ndivyo ilivyoandikwa. Nyuma yangu pana ubao tu.

Uoga huu una mwanzo wake, nao ni mchana mmoja wa Jumamosi, sebuleni kwetu, mbele ya filamu ya Kihindi.

Nilikuwa na miaka kumi na saba na mdogo wangu wa kike alikuwa ametimiza kumi na tano. Tulikaa katika moja ya zile nyumba za matofali za kampuni ya zamani ya migodi, nyumba ambayo baba aliipata enzi alipokuwa karani. Mimi nilikulia humo, na shuleni. Mdogo wangu alikulia upande wa Lubudi, shambani kwa mama yake mama, nkambo wetu, mpaka nkambo alipofariki. Alikuja Kolwezi akiwa na miaka kumi na miwili. Alijua kulima, alijua kutwanga, alijua kwa mlio tu kama treni inayokuja ni ya mizigo au ya watu, na hakujua kusoma. Walimpeleka shule wakamkalisha na watoto wa miaka saba. Magoti yalikuwa yanagonga dawati. Kabla mwaka haujaisha alirudi nyumbani akasema imetosha, na hakuna mtu aliyembishia, hata mimi.

Kwa hiyo mimi nikawa macho yake. Chochote chenye herufi alikileta kwangu: mfuko wa chumvi, tangazo la kanisa, karatasi iliyofungiwa karanga. "Yaya, inasema nini?" Yaya ni mimi, dada yake mkubwa. Nikimwambia, imekwisha, hiyo ndiyo kweli. Sijawahi kuaminiwa hivyo na mtu mwingine yeyote, na sidhani kama nitaaminiwa tena.

Filamu zilikuwa za jirani yetu, mama mmoja aliyekuwa anauza samaki wa chumvi sokoni na kununua diski za Kihindi huko huko. Alikuwa na diski lakini hakuwa na televisheni. Sisi tulikuwa na televisheni. Jumamosi, umeme ukiwepo, alikuja na wenzake wawili watatu, wanakaa na mama kwenye mkeka na viti, na mdogo wangu karibu na miguu ya mama. Sauti ilikuwa ya Kihindi, na chini ya picha yalipita maandishi ya Kifaransa. Wale mama hawakusoma Kifaransa. Mimi nilikaa kwenye kigoda kando ya skrini, macho kwenye maandishi, na kuwasomea kwa Kiswahili chetu.

Ilikuwa kazi ngumu kuliko mtihani wa serikali. Maandishi yalipita haraka, hujamaliza mstari huu na mwingine umeshaingia. Nikinyamaza kidogo tu, wananirukia wote: "Banasema nini? Uko unanyamaza juu ya nini?" Hapo ndipo nilipojifunza kujaza. Nilikisia, nilirefusha, nikamtukanisha mama mkwe zaidi ya alivyotukana mwenyewe kwa sababu wale mama walipenda. Nyimbo hazikuwa na maandishi hata kidogo, kwa hiyo nyimbo nilizitunga zote. Nilikuwa na majivuno, sikatai. Walinilipa kwa mikate ya kukaanga na kuniita profesa.

Sasa ile filamu. Binti wa miaka sita anaozwa kwa mvulana wa miaka kumi. Sherehe inaendelea, moto unawaka, wakubwa wanaimba, na bibi harusi amelala usingizi kwenye mapaja ya baba yake. Wanamwinua mkono akiwa amelala, wanamfunga kitambaa chekundu, kisha wanakikata vipande viwili, kila familia kipande chake. Halafu mto unafurika, watu wanatawanyika. Binti analelewa mjini kwa mjomba. Akiwa na miaka ishirini anampenda mhandisi wa madaraja, na tuliwaangalia wakipendana kwa saa nzima, mara mvuani, mara kwenye ngazi za treni. Ndipo anatokea mzee na kile kipande cha kitambaa: binti ana mume tayari. Vilio. Mama alishika kichwa. Kisha mhandisi, taratibu, akatoa mfukoni kipande cha pili.

Wale mama walisimama, mmoja akapiga kigelegele mpaka mbwa wa jirani akabweka. Mume na mpenzi walikuwa mtu mmoja! Walidhani imekwisha. Hata mimi nilidhani.

Lakini binti hakumkimbilia. Muziki ulikatika. Alisimama katikati ya ua, machozi yanatiririka, na maandishi yakapita chini, safari hii polepole, kana kwamba yalitaka hata mimi niyapate yote. Alisema: Mhandisi nimemchagua. Lakini siku ile nilikuwa nimelala, na hakuna aliyeniuliza. Ndoa ile siitambui. Niulizeni leo, nikiwa macho.

Niliyaelewa. Nataka iwe wazi, maana nimejaribu mara nyingi kujidanganya kwamba yalinipita. Yalikuwa maneno mepesi, mtoto wa sekondari hawezi kuyakosa.

Niligeuka kumtazama mama. Mama yangu aliletwa kwa baba akiwa na miaka kumi na minne. Jambo hilo halikuzungumzwa nyumbani, nilikuwa nimelisikia kwa shangazi tu. Alikuwa anafuta macho kwa ncha ya kitenge na anatabasamu, na baba, ambaye hakupenda filamu, siku hiyo alikuwa amekaa mlangoni kwenye kiti chake, anasikiliza. Nikaogopa. Niliogopa uso wa mama ungefanya nini nikiyatamka yale maneno baba akiwa pale. Na wale wote walikuwa wananingoja. "Anasema nini?"

Nikasema: "Anasema, roho yangu iliitika zamani. Kinywa njo ilichelewa."

Yaani kinywa ndicho kilichochelewa. Lo, walifurahi. Kigelegele kingine. Kilichofuata kwenye filamu nilikitunga chote, baraka za wazee na mambo ya namna hiyo, na mhandisi alipoweka vipande vya kitambaa chini na kumuuliza binti swali, nilisema anamwomba maji. Mdogo wangu aliniambia nirudie ile sentensi. Nikairudia. Wiki ile nzima aliisema akiosha vyombo, akichambua sombe, majani ya muhogo, kila mara kwa sauti ya yule binti. Tulicheka. Mimi pia nilicheka.

Miezi michache baadaye alikuja mtu kumtaka mdogo wangu.

Alikuwa na miaka thelathini na nne, mjane, ananunua mawe ya kobalti kwa wachimbaji katika depo moja kwenye barabara ya kutoka mjini. Tulisali naye kanisa moja. Alikuwa na viatu safi katika mji ambao viatu havikai safi. Hakuwa mtu mbaya, na nasema hivi kwa sababu nimetafuta ubaya wake kwa miaka, ningeupata ningepumua. Baba naye hakuwa na tamaa. Baba alikuwa na hofu. Nyumba tatu kutoka kwetu binti alikuwa amepata mimba, na kijana mchimbaji aliyempa alikuwa amehamia shimo lingine, hakuna aliyejua hata jimbo lake.

"Hapa inje batu banajaa," baba alisema, "mi niko naogopa. Ule wa masomo niko naona njia yake. Huyu anaikala tu ku nyumba. Akipata mimba ya mutu mwenye hatujue kwabo, tutamulilia nani?" Ule wa masomo ni mimi, na huyu anayekaa tu nyumbani ni mdogo wangu. Akaongeza kwamba kanisani na kwa serikali watakwenda akifika umri. Kwa sasa itakuwa ya kimila.

Nilimfuata mama jikoni nikamwambia yule ni mtoto. Mama aliendelea kusonga bukari, ugali wetu.

"Mi nilikuya kwa baba yako na miaka kumi na ine," alisema. Ilikuwa mara ya kwanza nimsikie akilitaja. "Mapendo inakuyaka nyuma, pole pole. Haukuona ule binti wa mu filme? Weye mwenyewe njo ulitusomea."

Jibu lilikuwa moja tu, nalo lingeanza na kumwambia kwamba nilidanganya, na ningemaliza kwa kumwambia kwa nini.

Siku mbili kabla ya wageni kuja, mdogo wangu na mimi tulikuwa bombani, jua la saa nne linachoma. Alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, anakwaruza udongo kwa kidole cha mguu.

"Yaya, mi naogopa ule tata," alisema, akimaanisha yule bwana mnunuzi wa mawe.

"Unaogopa nini?"

"Sijue. Akiniangalia, tumbo inakauka." Alifikiri kidogo. "Lakini ule wa mu filme naye hakumujuaka bwana yake. Na roho yake iliitika. Ya mi nayo itaitika, njo vile?"

Alikuwa ananiangalia kama anavyoniangalia akileta mfuko wa chumvi. Hapo palikuwa pahali pangu pa kusema kweli. Hapakuwa na baba, hapakuwa na mama, hata foleni haikuwepo. Nilifungua mdomo, nikamwambia ndoo imejaa.

Wageni walikuja Jumapili baada ya misa. Kwetu sahani ya mahari ya wageni huletwa imefunikwa kitambaa, na haifunuliwi mpaka binti aulizwe. Anaulizwa na shangazi yake, mara tatu, mbele ya pande zote mbili, na asipojibu wageni wanarudi na sahani yao. Watu wanatusema kwamba tunawauza mabinti. Hawajui kwamba tuna swali. Swali tunalo. Nilikuwa nimewahi kulisikia likiulizwa mara nyingi, na katika zote hizo sijawahi kumwona binti aliyekataa.

Mdogo wangu alikalishwa kwenye mkeka, kitenge kipya kinamzidi mwili. Shangazi alipiga magoti mbele yake.

"Mutoto wetu, bageni balileta hii sahani. Tupokee?"

Kimya. Cha kwanza ni kimya siku zote, ndiyo heshima. Watu walitabasamu.

"Tupokee?"

Kimya tena. Hapo aliinua macho akanitafuta. Nilikuwa nimesimama karibu na mlango na jagi la munkoyo, kinywaji chetu cha mahindi, na nilijua kabisa anachokitafuta. Alikuwa ananiuliza inasema nini. Baba aliona akinitazama, naye akanigeukia. Mama akanigeukia. Nilikuwa na pumzi ya kutosha sentensi moja: usijibu, ile niliitunga mimi. Nikafikiria baba atakavyosimama. Nikafikiria wageni na viatu vyao safi. Nikafikiria uso wa mama.

"Naenda kuongeza munkoyo," nikasema, na jagi lilikuwa limejaa.

Nilikuwa nimefika kwenye ngazi ya jikoni niliposikia shangazi akiuliza la tatu, na sauti ya mdogo wangu, nyembamba, sauti ya yule binti wa filamu: "Roho yangu iliitika zamani. Kinywa njo ilichelewa."

Nyumba nzima ilicheka na kupiga makofi. Wageni walisema hawajawahi kusikia binti akijibu vizuri namna hiyo. Muuza samaki alilia, na siku ya kumsindikiza alimpa ile diski iwe zawadi yake ya ndoa. Mimi nilikaa kwenye ngazi, jagi mapajani, nikiwa nimeshikwa na baridi mchana kweupe.

Mwaka uliofuata nilikaa kwenye korido ya wodi ya wazazi tangu asubuhi mpaka alasiri, nikisikiliza sauti ya mdogo wangu nyuma ya mlango, na baadaye nikitambua kwamba haisikiki tena. Mtoto hakuishi. Yeye aliishi, kwa shida. Alikuwa na miaka kumi na sita, na nilipoingia aliniuliza karatasi iliyoning'inia kwenye kitanda chake inasema nini. Nilimsomea kila neno, hata nisilolielewa. Tangu siku ile sijamsomea mtu kitu bila kutetemeka.

Mumewe aliacha mawe akaanza biashara ya unga, wakahamia Lubudi, karibu na reli, si mbali na lililokuwa shamba la nkambo. Walizaliwa watoto wawili wakaishi. Siku moja aliniambia kwenye simu kwamba parokia imeanza kufundisha akina mama kusoma. "Yaya, sasa najua kuandika jina yangu!" Nilifurahi, naapa nilifurahi, kwa muda wa pumzi mbili hivi. Halafu nikaikumbuka ile diski. Ilikuwa kwenye kabati lake, na sentensi ilikuwa ndani ya diski, imekaa tu, inamngoja.

Alianza kunitumia ujumbe badala ya kupiga. Mwanzoni Kiswahili, herufi zimeruka ruka. Mwaka wa pili akatia Kifaransa. Mimi ni mwalimu, nilipaswa kufurahia kila kosa lililopungua. Badala yake, simu ikilia na jina lake, nilikuwa ninaiacha mezani kwanza, ninazunguka chumba, ndipo ninaifungua. Ilikuwa salamu. Ilikuwa bei ya mahindi. Ilikuwa jino la mtoto. Miaka ikapita hivyo.

Kiangazi kilichopita nilikwenda kumwona. Mumewe alikuwa safarini na unga wake. Mdogo wangu ana miaka ishirini na miwili sasa, na amenenepa kidogo, na ana namna ya kukaa kimya ambayo hakuwa nayo. Baada ya chakula cha mchana alitandika mkeka, akamwita binti yake wa miaka mitano akae karibu yangu, akaweka diski. Niliitambua kabla picha haijatokea. Yeye alichukua beseni la maharage akakaa nyuma yetu kuchambua mawe.

"Yaya, musomee mutoto."

"Macho inachoka," nilisema.

"Musomee tu."

Nilisoma. Nilisoma kama mtu anayetembea juu ya mfuniko wa kisima. Binti alilala mapajani kwa baba yake, kitambaa kikakatwa, mto ukafurika, mhandisi akapenda. Mtoto aliniegemea, mzito, moto, anauliza maswali. Kitambaa cha pili kikatoka mfukoni. Muziki ukakatika. Yale maneno yakapita polepole, yale yale, diski imekwaruzwa lakini hayakufutika. Nyuma yangu maharage yaliacha kuanguka kwenye beseni.

"Anasema nini, mama mukubwa?" mtoto aliuliza.

Unajua nilichofanya? Baada ya miaka yote ile, nikiwa mwalimu mzima, nilianza: "Anasema, roho yangu..."

"Haina vile," mdogo wangu alisema. Hakupandisha sauti. "Soma vile baliandika."

Sikuweza kugeuka. Nilisoma. Kwamba alikuwa amelala. Kwamba hakuna aliyemuuliza. Kwamba wamuulize leo, akiwa macho. Mhandisi akaweka vitambaa chini, akauliza swali lake, na hilo nalo nililisoma lote. Sauti yangu ilikatika mara mbili, na mara zote mbili mdogo wangu alimalizia mstari kwa Kifaransa, bila kuangalia skrini.

Mtoto alifikiri. Kisha akageuka kumtazama mama yake.

"Na weye, mama? Balikuulizaka?"

Maharage yalianza tena kuanguka kwenye beseni, moja moja.

"Mi baliniuliza," mdogo wangu alimwambia. "Mara tatu. Mama mukubwa njo alijibu."